Kwa Wajukuu Mliorudi Likizo

Wajukuu zangu, mabasi ya Mwanza yamewashusha Tarime mjini na Sirari, na magari ya Mugumu yamewaleta wengine huku Serengeti ninakoishi sasa. Nimefurahi kuwaona. Nimezaliwa Tarime, nimefundisha wilaya zote mbili, na nakumbuka wakati ambapo mzee mwenye mtoto chuo kikuu alijulikana tarafa nzima. Leo kila kitongoji kina wasomi wake, na kaya nyingine zina wawili watatu. Hiyo ni neema kubwa, na ndiyo maana jambo ninalotaka kuwaambia linanichosha moyo. Nimelisema kwa mmoja mmoja jioni, nimelisema kwa wazazi wenu. Leo nalisema kwenu wote, na naomba mnivumilie nikienda polepole.

Lugha yenu ya chuo sigombani nayo. Bumu likichelewa nami najua, maana simu hunijia mimi. Nikisikia fulani ana sapu mbili, najua likizo hii hatapumzika. Nikisikia mwingine amedisko, nanyamaza, kwa sababu najua baba yake aliuza ng'ombe wangapi. Kudesa, kupiga msuli, kubebana hosteli, kukesha kwenye vimbweta: maneno hayo yametungwa na watu wanaopata taabu pamoja, na rika lolote lililopita mlango mmoja hutunga ya kwake. Sisi tuliotahiriwa msimu mmoja tulikuwa na semi ambazo mama zetu hawakuzielewa, na mpaka leo nikikutana na mwenzangu wa saro ile tunasalimiana kwazo.

Ninalolikataa ni lile linaloanza mkishakusanyika, mkaanza kupanga watu kwa vyuo. Wa Mlimani hatambui kama kuna chuo kingine nchini. Wa UDOM ni kilaza kabla hajafungua kinywa. Wa SUA ni mshamba wa jembe, wa Mzumbe ni tai na maringo, wa SAUT kule Nyegezi amekwenda kusali na kujifunza kutangaza redioni. Wanaoambiwa hawanyamazi, nao hurudisha: Mlimani wanaishi kwa jina la zamani, Mlimani hawajui kazi, wanajua maandamano. Mnacheka, mnapigana mabega, mnaondoka. Kuhusu wasichana wa vyuo fulani sitarudia hapa mnayoyasema. Nitakuja kwao.

Mnaniambia ni utani tu, babu. Utani naujua. Nchi hii imejengwa kwa utani wa makabila, na utani ule una wajibu ndani yake. Mtani anayekutania leo ndiye atakayeingia kwako siku ya msiba, akashika kazi ambazo ndugu wa damu hawaziwezi kwa machozi. Ana haki ya kukucheka kwa sababu ana deni la kukuzika. Sasa niambieni: wewe wa Mlimani uliyemwita mwenzako kilaza mbele ya watu, akifiwa kesho una wajibu gani kwake? Kama huna, basi uliyoyasema yalikuwa matusi, hata kama wote mlicheka.

Na ninyi, kuliko vijana wa mikoa mingine, mlipaswa kulijua jambo hili mapema. Mnafika chumbani mwaka wa kwanza, mwenzenu anasikia jina Marwa, au Chacha, au Mwita, kabla hajauliza unasoma nini anauliza panga liko wapi. Anaigiza namna tunavyosema, anaita mura, mura, kila sentensi. Msichana anayeitwa Bhoke anaambiwa mume wake atapigwa. Kwamba babu zetu wengi walikwenda KAR, jeshi la wakoloni, na baba zenu wengi wakaenda jeshini ni kweli, na ni heshima. Lakini mmoja wenu anasomea uuguzi, hajawahi kumpiga hata mbwa, na bado wenzake wa chumbani walimwogopa wiki nzima. Alinieleza hayo akiwa na machozi. Baada ya siku mbili nikamsikia yeye yule, pale stendi, akieleza tabia za wanafunzi wa chuo ambacho hajawahi kukanyaga. Nyani haoni kundule, wajukuu zangu, na mimi nimeishi vya kutosha kuona tunavyolitumia tusi tulilopigwa kumpigia mwingine.

Tarime tunajua neno la jumla linaishia wapi. Mnajua habari za koo za Wanchari na Warenchoka. Baadhi yenu mlikuwa wadogo nyumba zilipochomwa, na hali ilifika mahali serikali ikaona Tarime na Rorya zinahitaji kanda yao maalumu ya polisi. Nikizitaja koo hizo sizilaumu, nina wakwe pande zote mbili. Wanaochunguza husema ugomvi ulikuwa wa ardhi na mifugo, na ni kweli. Lakini kabla ya mshale kulikuwa na maneno, na maneno yalitangulia kwa miaka mingi. Ukoo mzima ulipewa tabia moja: wale ni wezi, wale ni waongo, wale hula kiapo kisha wakakivunja. Mtoto alikua akiijua tabia ya jirani kabla hajamwona jirani mwenyewe. Siku ng'ombe walipopotea hakuna aliyeuliza ni nani aliyewachukua, kwa sababu jibu lilikuwa limekaa vichwani tangu zamani. Wazee tulipokaa kwenye baraza la iritongo kusuluhisha, kupatana juu ya mpaka hakukutushinda. Kilichotushinda kwa muda mrefu ni kumfanya mtu aseme "fulani, mwana wa fulani" badala ya kusema "wale".

Sisemi kwamba Mlimani na Dodoma watapigana mishale. Nasema tumehangaika sana kulitoa neno "wale" vinywani mwetu, nanyi mnaturudishia likiwa limevaa joho.

Nami nina la kusema juu ya jina la kundi, maana nimelibeba. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa hapa mkoani kwetu, Musoma, ikaazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule ya msingi awe darasani. Walimu hawakuwepo. Vijana tuliomaliza darasa la saba tukachukuliwa, tukafundishwa ualimu huku tukifundisha, kwa muda wa miaka mitatu: saa hizi uko mbele ya watoto, saa nyingine uko mbele ya mkufunzi wako. Nchi nzima tulikuwa makumi ya maelfu. Madarasa mengine yalikuwa chini ya mti. Mpango ule uliitwa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, na haukupita muda watu wakazijazia herufi zile maneno yao: Ualimu Pasipo Elimu.

Nimeitwa hivyo na walimu wenzangu waliotoka vyuoni. Nimeitwa hivyo na wazazi ambao watoto wao niliwafundisha kuandika jina la baba. Nilijiendeleza, nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, nikaenda chuo cha ualimu, nikapanda daraja. Jina halikupanda pamoja nami. Nikikosea hesabu ubaoni, wenzangu walisema unaona, UPE huyo. Mwenzangu wa chuo akikosea hesabu ile ile, walisema leo amechoka. Ndivyo jina la kundi linavyofanya kazi: linachukua kosa la kawaida, ambalo kila binadamu analo, linaligeuza ushahidi. Na ukifanya vizuri halikuhesabii. Watasema wewe ni tofauti na wenzako, kana kwamba wamekupa zawadi, kumbe wamewatukana wenzako wote mbele yako na wanasubiri ushukuru.

Baadaye wakaja vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo mafupi ili wakafundishe sekondari. Hao wakaitwa Vodafasta. Nilimfahamu mmoja Tarime, hodari wa fizikia, aliyekuwa akijitambulisha kwa kuomba radhi kabla hajataja jina lake. Nilimwambia aache, hakuweza kuacha. Kisha zikafuata shule zenyewe, shule za kata, zilizoenea kuanzia mwaka 2006. Wengi wenu mlionizunguka hapa mmetoka humo. Mama zenu walibeba mawe na mchanga kwa kichwa ili kuta zisimame. Mlipokuwa kidato cha pili mliumia mkisikia watoto wa shule za vipaji wakisema "kayumba" na "kata" kwa midomo iliyopinda. Mlikuja kwangu kulia. Sasa nani amewafundisha kupinda midomo?

Mwaka 2016 ulikuwa mbaya kwa jambo hili. Mwishoni mwa Mei wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliondolewa UDOM na kurudishwa kwao baada ya wahadhiri kugoma kuwafundisha. Walipewa saa chache kuondoka. Wengine walikuwa watoto wadogo kiumri, waliomaliza kidato cha nne tu, na wengi hawakuwa na nauli. Siku chache baadaye Rais John Magufuli alikwenda Mlimani kuweka jiwe la msingi la maktaba mpya, na katika maelezo yake wakatajwa kama vilaza. Mzee yule ametangulia mbele ya haki, na kama serikali ilikuwa na sababu ya kupitia upya sifa za kujiunga, hilo ni jambo la kujadiliwa na wenye kulijua. Mimi nalitazama neno. Lilisemwa kwenye uwanja wa chuo kimoja juu ya wanafunzi wa chuo kingine, na wakubwa wakisema, wadogo huchukua. Mwanafunzi wa shahada pale Dodoma, aliyefaulu kidato cha sita kama ninyi, ambaye hakuwa hata darasa moja na wale, alipofika nyumbani likizo ile alikuta jina linamngoja. Ni miaka mingi sasa, na mtoto aliyeingia UDOM juzi bado analikuta.

Hebu tuulizane mtu anafikaje chuo fulani. Kuanzia 2010 hadi 2017 maombi yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, na kompyuta ndiyo iliyopanga. Uliandika Mlimani kwanza, nafasi zikajaa, ukapelekwa kwingine. Siku hizi mnaomba wenyewe vyuoni, lakini mzazi wa Nyamwaga bado anahesabu nauli na ada. Mmoja amekwenda Nyegezi kwa sababu Mwanza ni karibu na shangazi yake yuko huko. Mwingine amefuata kozi ambayo Bodi ya Mikopo huipa kipaumbele, maana bila bumu asingesoma kabisa. Mwingine amekwenda Morogoro kwa sababu amekulia zizini na anataka kujua ndama hufa kwa nini. Ukimwona langoni pa chuo, umeona mfuko wa baba yake, umeona foleni ya mwaka ule, umeona bahati. Kichwa chake hujakiona.

Na vyuo vyenyewe havikuzaliwa maadui. Kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Sheria ilisomwa Dar, uhandisi Nairobi, udaktari Makerere, na kila nchi ilipeleka watoto wake kwa jirani. SUA kabla ya 1984 ilikuwa kitivo cha Mlimani, na Muhimbili na Ardhi nazo zilikuwa chini ya Mlimani mpaka 2007. Kijana wa Mlimani anayemcheka wa SUA anamcheka mtoto wa nyumba ile ile. Na kama ni majivuno ya Mlimani, wasomi wake walipata somo lao tarehe 22 Oktoba 1966, walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, aliwarudisha nyumbani karibu mia nne, na siku ile ile akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alikuwa ameona vijana wanaosahau kwamba chuo chao kimejengwa kwa jasho la mkulima. Alikasirika sana, lakini alianza na kipato chake.

Nimesema nitakuja kwa wasichana.

Mnajua Desemba ya msimu wa ukeketaji ilivyo hapa kwetu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka kumi na minane, na bado msimu ukifika wasichana hukimbilia kituo cha Masanga kwa upande wa Tarime, na nyumba salama ya Mugumu kwa upande wetu. Wengine hutembea usiku kucha peke yao. Wengine msimu ukiisha baba zao hukataa kuwapokea, na hukaa huko wakisoma, hawajui watarudi lini. Wamo waliofika chuo kikuu kwa njia hiyo. Nawafahamu, nimewafundisha baadhi.

Sasa mfikirieni msichana kama huyo. Amekataa kisu. Amekataa kuozwa kwa ng'ombe akiwa kidato cha pili. Amesoma kwa taa ya kuazima, amepata nafasi, amerudi likizo akiwa mtu mzima anayejitegemea kiakili. Anashuka kwenye gari, kijana wa kiume anayemzidi mwaka mmoja anamwuliza, uko chuo gani siku hizi? Anataja. Kijana anatabasamu, anawatazama wenzake, nao wanatabasamu. Hakuna aliyesema neno. Lakini yeye anaijua maana ya tabasamu lile, maana ameshalisikia likisemwa kwa maneno: wasichana wa chuo kile wako hivi, wasichana wa chuo kile wanataka vile. Wajukuu zangu wa kiume, amekimbia usiku akatoka mikononi mwa baba zake wakubwa ili aje aingie mikononi mwa ndimi zenu? Mnajua gharama ya sifa ya msichana katika nchi hii yetu ya mahari. Mnaijua vizuri kuliko watu wa mijini.

Tena kuna wazee wanaosikiliza. Mnapozungumza mnadhani tumelala. Mzee mmoja wa huku, simtaji, alimzuia binti yake kwenda chuo cha mkoa wa mbali alichopangiwa, kwa sababu ya yale aliyoyasikia kwa vijana wa ukoo wake mwenyewe waliokuja likizo. Hawakuwa wakimzungumzia binti yule. Walikuwa wakicheka mambo ya chuo. Nilikwenda kwa mzee, tukakaa mchana kutwa, akanijibu kwamba vijana wenyewe wanaosoma huko ndio wamesema, wewe mwalimu utajua nini? Sikuwa na jibu. Mwaka ule binti hakwenda. Mwaka uliofuata alikuwa ameshaolewa. Vijana wale wamehitimu, wana kazi, na sidhani hata mmoja wao anajua alichokifanya. Nawaambia ninyi ili mjue.

Ninyi wasichana nanyi msinitazame kama kwamba haya ni ya kaka zenu peke yao. Nimewasikia mkiwataja wenzenu wa chuo kingine kwa maneno yale yale, ili mjisafishe ninyi. Anayejisafisha kwa kumpaka mwenzake atapakwa zamu yake ikifika, maana watu wakishazoea kupaka hawachagui.

Na kama mnadhani jina la chuo lina uzito kazini, nendeni hospitali ya Bomani kule Tarime, au hapa Mugumu kwenye Hospitali Teule ya Nyerere. Mama mwenye uchungu akipokelewa haulizi daktari alisoma wapi. Anatazama mikono yake. Ng'ombe wakianza kufa kule Nata, wafugaji wanamwita afisa mifugo kwa jina lake, na kama ni hodari wanamkumbuka kwa jina hilo hilo hata akihamishwa. Katika ofisi za walimu nilimokaa, wa chuo hiki na wa chuo kile walichangia meza moja na rejista moja. Aliyekuwa mvivu tulimjua kwa uvivu wake, na aliyependa watoto, watoto wenyewe walimjua. Mtakwenda huko baada ya miaka michache. Mtakayempa jina leo huenda ndiye atakayeketi kwenye usaili wenu, au ndiye atakayewafundishia watoto.

Basi nina ombi, na ni la kutenda. Novemba watoto wa kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa. Shule ya sekondari ya hapa jirani ina upungufu wa walimu wa hisabati na fizikia, na kemia inafundishwa na mtu mmoja kwa madarasa yote. Nimezungumza na mkuu wa shule, amekubali muingie jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Nataka mpangwe wawili wawili, na nimeshaanza kuwapanga: wa Mlimani mwenye hisabati na wa UDOM mwenye fizikia, wa SUA mwenye biolojia na wa SAUT atakayewasaidia kuandika insha. Wa Mzumbe mtakuja kwangu niwape ratiba, nahitaji mtu wa kuandika mahudhurio vizuri. Mkiingia darasani, semeni jina lenu na somo lenu. Watoto wakitaka kujua habari za vyuo watauliza, na hapo kila mmoja aeleze chuo chake anachokijua: ada yake, mabweni yake, kozi zake, mkopo unavyoombwa. Chuo cha mwenzako mwache mwenzako akieleze.

Watakuwepo wasichana wa Masanga wawili na wa nyumba ya Mugumu kadhaa, wamekuja kujiandaa hapa. Wapeni viti vya mbele.

Tunaanza Jumatatu. Mkuu wa shule amenipa funguo za darasa la mwisho upande wa barabara. Chaki zimebaki chache, mwenye uwezo aje na boksi.